Lakrosi kwa Sheria za Mwethya

Kwao Nunguni, juu kwenye milima ya Ukambani, msichana akionekana anakimbia watu wazima waliuliza mambo mawili tu: ameiba nini, na nani anamfukuza? Nzilani hakuwa ameiba wala hakuwa akifukuzwa. Miguu yake ndiyo iliyokuwa na haraka zake. Akitumwa chumvi, alikimbia. Akitumwa kurudisha jembe la jirani, alikimbia nalo begani hadi jirani akajifungia ndani. Jumapili moja alipomaliza kukariri aya yake mbele ya kanisa, alirudi kwenye benchi kwa mbio, mhubiri akasimamisha ibada kuuliza kama kuna nyoka.

"Wewe mtoto," nyanya yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Susu, alimwambia siku hiyo, "utaolewa na nani? Na treni ya Mombasa?"

Basi unaweza kuelewa jinsi moyo wake ulivyoruka alipofika sekondari akakuta kuna mchezo unaitwa lakrosi. Unapewa fimbo ndefu yenye kikapu cha wavu kwenye ncha, unadaka mpira kwa kile kikapu, unaubembeleza huku na huku kama mtoto mwenye homa usije ukaanguka, na muda wote huo unakimbia. Na hakuna mtu anayeuliza umeiba nini. Msichana anayekimbia mikono mitupu ni mwizi, lakini akiwa na fimbo mkononi, watu husema huyo ana kazi yake. Tangu Nzilani ashike ile fimbo, hata Susu alikuwa amenyamaza kidogo.

Mchezo wenyewe uliachwa na Miss Dunbar, mwalimu Mskoti ambaye magoti yalimshinda akarudi kwao. Alipoondoka aligawa fimbo zake nusu kwa nusu, nusu kwa shule ya Nzilani kule juu na nusu kwa shule moja ya upande wa Tawa. Wilaya nzima, basi, ilikuwa na timu mbili. Kila mechi ilikuwa fainali. Na kwa kuwa shule ya Nzilani ilikuwa haijawahi kushinda, kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi na kutangaza, bila kusema uongo hata kidogo, kwamba wasichana wameshika nafasi ya pili wilayani. Wazazi walipiga makofi.

Kocha alikuwa Mwalimu Kivuva wa Kilimo. Alipewa timu kwa sababu siku ya kugawana majukumu alikuwa ameenda kumzika shangazi yake, na asiyekuwepo hupewa kilichobaki. Lakrosi alikuwa ameitazama mara moja, tena nusu, kwa sababu mvua ilinyesha. Wiki ya kwanza alijaribu kufundisha mashambulizi kwa Kiingereza cha Miss Dunbar, wasichana wakamtazama kama ng'ombe wanavyotazama gari la moshi. Wiki ya pili alichoka, akatupa filimbi kwenye majani, akasema:

"Sikizeni. Nyinyi si mmeenda mwethya na mama zenu?"

Wote walikuwa wameenda. Ukambani, mtu asiyejua mwethya huyo alizaliwa juu ya lami. Ni ile kazi ya pamoja: akina mama wanakusanyika kwenye shamba la mmoja wao, wanachimba matuta kwa wimbo mpaka yaishe, na wiki inayofuata wanahamia kwa mwingine.

"Sasa, mwenye mpira ndiye anayechimba," Mwalimu Kivuva akaendelea. "Wengine mko wapi? Mmesimama! Mwethya gani huo, watu wamesimama kama wageni wa harusi? Ukishatoa mpira, sogea, chukua mstari mwingine. Yule akija hapa, wewe mpishe, nenda pale. Katikati mbele ya lango msijazane, hapo ni njia ya kurushia udongo. Mmoja aende nyuma ya lango, huko anaona kila mtu, ndiye atakayegawa. Na mpira mnaurusha hivi, kama fanya juu."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Fanya juu ni lile tuta ambalo unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mlima, na hakuna msichana wa Nunguni ambaye mabega yake hayalijui. Mpira ukaanza kuruka. Nzilani akawa ndiye mwimbishaji. Akianzisha wimbo mmoja wote wanazunguka kulia, akibadilisha wanakata katikati wawili wawili, akivuta sauti mwenye mpira anaupeleka nyuma ya lango na wengine wanatawanyika kama kuku walioona mwewe, halafu wanarudi, kila mmoja mahali ambapo mwenzake ametoka sasa hivi. Watu waliokuwa wakipita na punda zao walisimama kutazama. Mashambulizi yalikuwa matamu kama kwaya.

Shida ilikuwa moja. Mwalimu aliita mwethya kwa ajili ya mizunguko yake, nao mwethya ukaja na sheria zake zote.

Sheria mojawapo inasema anayemaliza mstari wake haendi kukaa kivulini, anarudi kumsaidia aliyebaki nyuma. Kwa hiyo Nzilani, mwenye mbio kuliko wote, akishawapita walinzi wote na kubaki yeye na lango, aligeuka na kurudi katikati ya uwanja kuona nani amechelewa. Sheria nyingine, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu, inasema mstari wa mwisho wa shamba hauchimbwi na wageni. Unaachiwa mwenye shamba auchimbe kwa mkono wake, asije akasema watu walimmalizia kazi yake. Na mbele ya lango yupo nani? Yupo golikipa. Huyo ndiye mwenye mahali. Umrushie mtu kitu kupita sikio lake, kiingie nyumbani kwake, na yeye amesimama mlangoni anakutazama? Mama yako akisikia utasema nini?

Aliyewahi kufanya hivyo ni mmoja tu, Wakiuru, binti ya Ng'ang'a, Mkikuyu mwenye duka kule Emali kwenye barabara ya Mombasa. Siku moja ya mazoezi alipata mpira mbele ya lango, akapiga, mpira ukaingia. Uwanja ukanyamaza kama amevunja chungu cha mkwe.

"Umemaliza peke yako," Nzilani akamwambia kwa masikitiko. "Kama fisi."

"Kwani tunakuja hapa kufanya nini?" Wakiuru akauliza. "Kuwalimia?"

"Na kwenu hakuna kazi ya pamoja?"

"Iko! Lakini tukienda kulima tunalima, tukienda kucheza tunafunga!"

Hawakumpa mpira wiki nzima. Mwalimu Kivuva alijaribu kurudisha maneno yake tumboni. "Sahauni mwethya," alisema. "Nilikosea. Fikirieni... fikirieni vita." Lakini kitu kilichoingia kwa wimbo hakitoki kwa filimbi. Miaka mitatu ilikuwa imepita, mashambulizi yanawatoa watu machozi, na bao hakuna hata la dawa.

Muhula wa pili mwaka wa sabini na tisa, Mzee Jonah Kiilu, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, alikuja kukagua shamba la avokado. Avokado zilikuwa zimeiva juu kabisa, na zilizoanguka zilikuwa zimepasuka. Akakuta fimbo za lakrosi zimeegemezwa ukutani. Akachukua moja, akainua kikapu hadi kwenye tawi, akazungusha mkono kidogo. Avokado ikashuka nzima nzima ndani ya wavu kama bibi harusi anayeshuka garini.

Mzee Jonah akatazama fimbo. Akatazama wasichana.

"Hivi vitu ni vya kuvunia matunda," akasema. "Nani aliwadanganya ni vya kuchezea?"

"Mzee, huo ni mchezo wa wilaya," Mwalimu Kivuva akajitetea. "Sisi ni wa pili."

"Kati ya wangapi?"

Mwalimu akaanza kukohoa.

"Mmefunga mabao mangapi tangu muanze?"

Kikohozi kikazidi.

"Basi nisikilize, mwalimu. Jumamosi mnaenda Tawa. Nitakuja. Bao moja tu. Siwaambii mshinde, mimi ni mtu wa kanisa, siombi miujiza mikubwa. Msipolipata, Jumatatu fimbo zinaenda shambani."

Usiku ule bwenini wengine walilalamika, wengine wakasema afadhali, watapumzika. Nzilani alikuwa akijiona nyumbani likizoni, ametumwa chumvi, anatembea. Anaweka mguu, anaweka mguu, kama mtu aliyebeba mayai, mpaka aolewe, na baada ya hapo atembee polepole zaidi kwa sababu ni mama ya watu.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko Tawa, na lori la shule liliwabeba pamoja na akina mama wa Nunguni na kabichi zao. Mke wa Mzee Jonah, Mama Kalunde, alikuwepo pia na karai la avokado zilizopasuka, anaziuza bei ya kusikitisha. Uwanja ulikuwa ubavuni mwa soko. Na hapa lazima ujue kwamba lakrosi ya wasichana wakati ule haikuwa na mistari ya pembeni. Uwanja uliishia pale ambapo ukuta, mti au aibu ingekuzuia. Kulikuwa na sheria moja tu ya kuogopwa, ambayo Miss Dunbar aliwatia mifupani: filimbi ikilia, kila mtu anasimama palepale alipo, asisogeze hata kisigino.

Refa alikuwa Madam Bilha, mwalimu wa Tawa, mwanamke wa haki na viatu vyeupe. Golikipa wao alikuwa Ndululu. Ndululu hakuwa msichana wa kudaka mipira. Mipira ndiyo iliyokuja kwake kujisalimisha. Alikuwa mpana, mtulivu, na alisimama langoni kama kabati la urithi.

Mechi ikaanza. Wasichana wa Tawa walicheza bila wimbo na bila adabu. Walichukua, wakakimbia, wakapiga. Moja. Mbili. Ya tatu ikapita katikati ya miguu. Nunguni nao wakipata mpira, Nzilani alianzisha wimbo, wakazunguka kama gurudumu, wakakata, wakapishana, wakapeleka nyuma ya lango, wakarudisha, watu wa Tawa wakaacha kununua vitu wakaja kutazama.

"Wanacheza vizuri sana hawa," mzee mmoja akasema. "Watafunga lini?"

"Nyamaza, bado wanachimba," mke wake akamjibu.

Kwa kuwa hakuna mstari wa kuwazuia, na kwa kuwa kila aliyetangulia alirudi kumsaidia aliyebaki, gurudumu lilianza kuteleza polepole kuelekea sokoni. Walipitia vitunguu. Walizunguka mafungu ya nyanya pande zote bila kukanyaga hata moja, mpira unaruka juu ya vichwa vya wateja, na mama mmoja aliyekuwa anapimiwa maharagwe alijikuta ameudaka kwa ungo. Akampa Wakiuru, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Wakiuru hakungoja wimbo. Alitoka mbio hadi langoni, akapiga kwa nguvu zote za barabara ya Mombasa. Ndululu akaupokea kifuani, akaushusha taratibu, akasema, "Asante." Wakiuru alipiga mara tatu zaidi siku hiyo, na mara zote alishukuriwa.

"Hata ukipiga haiingii," akamwambia Nzilani, akihema. "Huyo si golikipa, huyo ni ukuta wa kanisa."

Kando ya uwanja, Mzee Jonah alikuwa amevua kofia na kuanza kukadiria ni fimbo gani ndefu itafikia matawi ya juu.

Saa ya Madam Bilha ilikuwa inakaribia mwisho na Tawa walikuwa na mabao kumi na manne wakati Nzilani alipopata mpira karibu na katikati, akainama, akakimbia. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili, akazunguka wa tatu kana kwamba ni fungu la nyanya. Akatokea mbele ya lango, kwenye ukingo wa ile duara ya chokaa ambayo mshambuliaji haruhusiwi kuikanyaga. Yeye na Ndululu tu. Miguu ikaanza kugeuka yenyewe kurudi nyuma kusaidia waliobaki. Akaizuia. Akafikiria chumvi, na njia ndefu, na mayai. Akainua fimbo apige. Mkono ukakataa. Ndululu alikuwa amesimama mlangoni kwake, anamtazama usoni.

Hapo filimbi ikalia.

Uwanja mzima ukaganda. Msichana mmoja wa Tawa aliganda kwa mguu mmoja, Wakiuru mdomo wazi, Nzilani fimbo juu, Ndululu mikono mbele. Hata nzi walipungua. Lakini aliyepiga hakuwa Madam Bilha. Alikuwa askari wa soko, kule kwenye vitunguu, anamfukuza mama aliyepanga bidhaa barabarani. Madam Bilha mwenyewe alikuwa ameishika filimbi yake na kuitazama, kana kwamba imelia bila ruhusa.

Na Nzilani, ambaye hakuruhusiwa kusogeza kisigino, akakumbuka kwamba Miss Dunbar hakusema lolote kuhusu koo. Wimbo ukatoka. Haukuwa wa kuzungukia wala wa kukatia katikati. Ulikuwa ule ambao huimbwa jua likishuka, majembe yakiwa yamechoka, ambao hata mtoto wa mgongoni Ukambani anaujua.

"Huu uliobaki ni wa nani?"

Wenzake wakaitikia walipoganda. Na kutoka sokoni, kwenye kabichi na vyondo vya kusukwa na maharagwe, akina mama wa Nunguni na wa Tawa pamoja wakaitikia bila hata kuinua vichwa:

"Ni wa mwenye shamba!"

"Mwenye shamba yuko wapi?"

Wimbo huo hauna njia nyingine. Aliyeulizwa ni lazima ajibu. Akikataa mstari wake wa mwisho, ametukana mikono yote iliyomchimbia, na msimu ujao hakuna atakayekuja kwake hata akichinja mbuzi. Ndululu alifumba mdomo kwa nguvu. Akatazama juu, akatazama chini. Kule nyuma, mama yake mwenyewe, muuza vyondo, alikuwa amesimama na mikono kiunoni akisubiri kuona kama amezaa mtu au amezaa jiwe.

"Niko hapa," Ndululu akaimba, kwa sauti ndogo sana kwa kifua kile.

"Si mimi niliyepiga filimbi!" Madam Bilha akapaza sauti. "Endeleeni kucheza!"

Nzilani akashusha fimbo. Akaumimina mpira chini taratibu ndani ya duara, mbele ya miguu ya Ndululu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake jembe kwa mpini. Halafu akarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa.

Ndululu akautazama mpira. Akauzoa. Akageuka. Akainama kidogo, akakaza bega, na kwa fanya juu moja safi ambayo Mwalimu Kivuva angeipa maksi zote, akaurusha ndani ya lango lake mwenyewe.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimfanya punda mmoja akate kamba. Akina mama walicheza. Walinzi wawili wa Tawa walipiga makofi kabla ya kukumbuka wao ni nani. Kepteni wao aliketi chini, akang'oa majani, akayatazama.

"Bao," akasema Madam Bilha, kwa haki yake yote, na sauti ya mtu ambaye hataki kuulizwa.

"Bao la wapi!" Mzee Jonah alikuwa tayari amefika uwanjani, kofia mkononi. "Hawajafunga! Huyo msichana amejifunga mwenyewe, sote tumeona! Fimbo ni zangu."

Mwalimu Kivuva akafungua mdomo, lakini hakuhitajika. Mama Kalunde alikuwa amekuja na karai lake la avokado.

"Baba Kalunde."

"Nini tena, Mama Kalunde? Nashughulika."

"Matuta ya shamba letu la chini yalichimbwa na nani?"

"Si mwethya?"

"Na mstari wa mwisho?"

Mzee Jonah akaona anakopelekwa, akajaribu kupunguza mwendo. "Huo... nilichimba mimi. Ndivyo inavyofanywa."

"Sawa. Basi shamba lote umechimba wewe, akina mama hawakufanya kitu. Ngoja niwaite niwaambie. Wote wako hapo kwenye kabichi."

Mzee Jonah akageuka. Akina mama walikuwa wameacha kucheza. Walikuwa wamesimama kwa mstari mmoja, wametulia, wanamtazama vile ambavyo mtu hutazamwa na watu ambao mwezi wa nane anawahitaji kwenye shamba la juu, tena lile lenye mawe.

Akaivaa kofia yake polepole.

"Bao ni bao," akasema. "Nilitaka tu kuhakikisha."

Walifungwa kumi na nne kwa moja, wakarudi washindi wa pili wilayani. Kabla lori halijaondoka Ndululu alikuja akasimama chini ya Nzilani aliyekuwa juu ya lori, akiwa ameshika ubao wa nyuma.

"Muhula ujao tunakuja kwenu," akasema.

"Karibuni sana."

"Na mwethya ni kulipana, unajua."

"Najua," Nzilani akasema, na nyuma yake golikipa wa Nunguni, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, akamwita mama yake, "Mwaitu!"

Likizo ilipofika, Nzilani alipanda kilima cha kwao na fimbo begani, kwa mbio, vumbi likimfuata kama mdai. Susu alikuwa uani akichambua mahindi ya muthokoi. Hakuinua macho, mazoea ni mazoea.

"Leo umeiba nini?"

"Sijaiba, Susu," Nzilani akasema, akipita kwa kasi kwenda kuzunguka nyumba. "Nimepewa."